Kigari cha Kabatini na Ukoka wa Vanga

Nyumba nyingi za kwetu Vanga zina kabati la vioo. Ndani yake utakuta vikombe vya chai ambavyo havijanywewa hata siku moja, birika lenye maua ambalo halijatiwa maji, saa ya mezani iliyosimama zamani, na chupa ya marashi iliyobaki robo. Vitu hivi vimetoka Maskati, Dubai, Jeddah au Doha. Vimeletwa na watu wetu waliokwenda kutafuta riziki, navyo havitumiki, kwa kuwa kitu cha mpendwa aliye mbali hakiguswi ovyo.

Mimi sina ugomvi na vikombe. Kikombe kisichonywewa hakidhuriki. Ugomvi wangu ni juu ya kitu kimoja kilichotiwa ndani ya kabati la binti yangu mwaka juzi, nacho ni kigari cha mtoto. Najua wako watakaocheka kuona mzee wa umri wangu anaandika gazetini habari za kigari. Nawaomba wacheke, kisha wasome mpaka mwisho.

Baba wa mjukuu wangu ni dereva huko Oman. Alikuwa na mwaka wa nne bila kurudi nyumbani alipompa msafiri mmoja sanduku amletee mwanawe. Ndani ya sanduku mlikuwa na gari la rimoti. Si lile la plastiki linalouzwa siku ya Idi, ambalo huenda mbele na nyuma mpaka jua likachwa, kesho yake likatupwa. Hili lilikuwa gari hasa lililofanywa dogo, kwa kipimo cha moja kwa kumi, la aina ambayo wapenzi wa mchezo huu huiita bagi. Urefu wake unakaribia dhiraa moja. Lina mota ya umeme, betri ya kuchaji, na magurudumu manne yenye vijino vya mpira. Kila gurudumu limefungiwa springi yake na shokapu yake, yaani ule mrija wenye mafuta ndani unaoizuia springi isirukeruke.

Siku ya kwanza lilikimbizwa juu ya saruji ya baraza, likaenda kama mshale. Watoto wa mtaa mzima walikusanyika. Baada ya sala ya alasiri wakalichukua uwanjani, na huko ndiko balaa lilikoanza. Uwanja wetu una ukoka uliotambaa, mahali pengine umeliwa na mbuzi hata ukawa kama zulia, mahali pengine umesimama kifundoni, na katikati yake mna ndago na mashimo ya kaa. Lile gari likaburuza tumbo, likachimba kwa pua, likapinduka, likasimama. Mota ilikuwa imepata moto hata haishikiki.

Mjukuu wangu alilileta amelipakata mikononi kama mgonjwa. Akaniambia, "Babu, limekufa."

Nikamwambia, "Halijafa. Limekataa."

Lakini mama yake alikwisha kusikia. Alilifuta vumbi kwa kanga, akaling'oa majani yaliyojisokota kwenye ekseli, akalitia ndani ya kabati la vioo, akafunga kwa ufunguo. "Litakaa hapa mpaka baba yako aje," alisema. Mtoto hakulia. Alikaa chini mbele ya kabati akilitazama. Kila nilipopita pale siku zile nilimkuta pale pale.

GARI LA SAKAFU YA WATU

Mimi nilikaa nikafikiri: je, gari lile lilikuwa bovu? Hasha. Lilitoka kiwandani likiwa limepimiwa sakafu ya watu wengine. Mtengenezaji hajui kama mnunuzi ataishi mahali penye saruji, penye vumbi, penye mchanga au penye majani. Hulifunga kwa kipimo cha katikati, kisha akaacha matundu mengi ya skrubu ambayo mtu asiyejua hudhani ni pambo. Juu ya kila shokapu mna matundu matatu au manne. Kwenye kila springi mna pete ya kupandisha na kushusha. Kila tundu linamwuliza mwenye gari: kwenu kukoje? Asiyejibu ataendesha gari la jirani maisha yake yote.

Magari ya namna hii si mageni duniani. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka huko Japani, ilitoa bagi zake za kwanza mwaka 1979. Mwaka 1984 ikatoa moja iliyoitwa Grasshopper, maana yake panzi. Shokapu zake zilikuwa springi tupu zisizo na mafuta, kwa hiyo lilirukaruka kama jina lake. Mwaka uo huo kampuni ya Marekani, Team Associated, ikatoa gari lake la RC10, lenye shokapu za alumini zilizotiwa mafuta. Toka hapo wachezaji wakaanza kushindana kwa ufundi wa kurekebisha kama walivyoshindana kwa mbio. Huko Uingereza vyama vingi vya mchezo huu hukimbiza magari juu ya majani, kwa sababu majani ndiyo waliyo nayo. Hawakungoja kiwanda kiwaletee gari la majani. Walichukua bisibisi.

Na sisi Wakenya jambo hili halikupasa kuwa geni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yaliteremka mpaka huku Pwani. Magari yaliyotoka Ulaya yamepimiwa barabara za Ulaya yalivunjika huko njiani, ila yale yaliyoinuliwa na kutiwa springi na shokapu za kustahimili mashimo yetu. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Alijua gari lake kutoka chini kwenda juu.

Tena tuende nyuma zaidi. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi. Mgeni aliyezoea meli ya misumari alidhani ni chombo dhaifu. Kumbe ulaini ule ulikuwa na mpango wake. Chombo kilichoshonwa kilipogota mchanga kilinyumbuka, pigo likagawanyika katika kamba zote, pasiwe na ubao mmoja uliobeba maumivu yote. Hata ngalawa tunazozitazama kila siku, zile mbao za pembeni zinazoelea hushikwa na miti iliyofungwa kwa kamba, kwa sababu wimbi likiipiga kamba, kamba hujinyosha kidogo ikarudi, na huo ndio usalama wake. Mababu zetu hawakuwa na neno shokapu, lakini kazi yake waliijua vyema.

Basi niliona ni aibu kwa mji wa watu wa vyombo kushindwa na gari la dhiraa moja.

MASHARTI YA MAMA

Nilimwendea binti yangu baada ya sala ya isha. Nilipomwomba ufunguo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, kikivunjika, nitamwambia nini mwenyewe? Mtu amekaa juani huko, amejinyima, amenunua kitu hiki. Nyie mnataka kukifungua skrubu mkichezee!"

Msomaji, maneno yale sikuyadharau, na sitaki mtu ayadharau. Mke ambaye mumewe yu mbali huyahesabu mapenzi kwa vitu vilivyomo nyumbani. Gari lile kwake halikuwa gari. Lilikuwa ushahidi. Alichoogopa kuvunjika hakikuwa plastiki.

Nikamwambia, "Mwanangu, mumeo hakuleta kitu cha kutazamwa. Angetaka kitazamwe angeleta picha. Alileta kitu cha kwenda, ili mtoto akiendesha, ahisi kwamba anaendesha pamoja na baba yake dereva. Leo mtoto anakaa mbele ya kioo kama mtu aliye kwenye dirisha la jela, amekuja kumwangalia mfungwa."

Hakujibu. Lakini asubuhi alinipa ufunguo, na masharti matatu. Kwanza, kila skrubu itakayofunguliwa itiwe katika kopo lenye kifuniko. Pili, gari lisifunguliwe mtoto asipokuwapo, maana ni lake. Tatu, likishindikana, lirudi kabatini na maneno yaishe. Nilikubali yote. Sharti la pili ndilo lililonifurahisha, kwa sababu sisi watu wazima tuna tabia ya kumtengenezea mtoto kitu huku tukimfukuza asiguse.

MAKOSA YETU MAWILI

Sasa nataka nieleze tuliyoyafanya, na sitaficha makosa, kwani makosa ndiyo yaliyotufundisha.

Gari lilikuwa linaburuza tumbo, kwa hiyo mimi, kwa hekima yangu ya uzeeni, nilisema, "Tuliinue." Tukazungusha zile pete za springi mpaka mwisho. Gari likasimama juu kama ngamia. Tukalipeleka uwanjani kwa mbwembwe. Kwenye kona ya kwanza likapinduka. Tukalisimamisha, likapinduka tena. Na lilipokwenda moja kwa moja lilidunda kama jiwe lililotupwa juu ya bati, magurudumu yakiwa hewani kuliko chini.

Tulikaa chini ya mwembe kulitazama. Mjukuu wangu ndiye aliyegundua. Alilibonyeza kwa kidole akasema, "Babu, haliendi chini. Limekwisha kubanwa."

Alisema kweli. Kuikaza ile pete hakuibadilishi springi yenyewe, huibana mapema tu na kuliinua gari. Springi iliyobanwa hivyo kwenye gari jepesi haianzi kusogea mpaka pigo liwe kubwa. Vijipigo vidogo vya ukoka hupita vyote mpaka kwenye mwili wa gari. Tena gurudumu likishakuwa limening'inia mpaka mwisho wake, halina nafasi ya kushuka zaidi likutanapo na shimo. Sisi twadhani kazi ya shokapu ni kuliachia gurudumu lipande linapokutana na tuta. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kuliachia lishuke, liifuate ardhi inapozama. Gurudumu lisiloshuka halishiki ardhi, na lisiloshika ardhi haliendeshi wala halikati kona.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Shokapu moja ya nyuma ilikuwa imevuja, na mafuta yake hayakuwako Vanga. Nikasema, mafuta ni mafuta. Nikatia ya nazi, safi, yaliyokamuliwa nyumbani. Mchana ule gari lilikwenda vizuri hata nikajisifu barazani. Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limeshika. Usiku kukawa na baridi, na alfajiri tulipolitoa, upande mmoja wa nyuma ulikuwa mgumu kama gogo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kila mwanamke wa Pwani anayeyatia nyweleni analijua. Mimi nililisahau kwa kuwa nilidhani mambo ya gari hayahusiani na mambo ya chupa ya nywele. Binti yangu alicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile, na nilistahili kuchekwa.

Nilipouliza kwa wanaojua niliambiwa kwamba shokapu hizi hutiwa mafuta ya silikoni, kwa sababu wepesi wake haubadiliki sana kwa joto wala kwa baridi, na hayaharibu vile vipete vya mpira vinavyozuia kuvuja. Chupa zake huandikwa nambari. Nambari ikiwa ndogo mafuta ni mepesi, ikiwa kubwa ni mazito. Mkwe wangu alipelekewa habari, akanunua chupa mbili, ya 30 na ya 40, akampa msafiri.

KIPIMO CHA UKOKA

Hiki ndicho kipimo tulichofikia hatimaye, na anayetaka kukijaribu kwake na akijaribu, akijua kwamba uwanja wake si uwanja wetu.

Kimo kwanza. Lilikuja likiwa na nafasi ya milimita 20 hivi chini ya tumbo, na sisi tuliliweka 27. Ukizidi hapo kwetu linapinduka, ukipunguza linaburuza. Gari lipimwe likiwa na betri ndani, maana betri ni mzigo. Libonyezwe mara mbili tatu na kuachwa litulie kabla ya kupimwa.

Pili, springi. Ndani ya sanduku mlikuwa na jozi mbili za akiba, laini kuliko zile zilizofungwa. Ndizo tulizotia. Hapo ndipo mtoto aliposhangaa: "Babu, mbona tunalifanya legevu?" Nikamjibu kwamba gumu hupigana na ardhi, na ardhi haijapata kushindwa. Laini huifuata.

Tatu, mafuta. Springi laini bila mafuta ya kutosha itapiga mieleka baada ya kila tuta. Ya 30 yalikuwa mepesi mno kwa joto letu la mchana. Ya 40 yalitulia. Ukiyatia, uchezeshe ule mti wa ndani juu na chini taratibu mpaka mapovu yote yatoke, kwani hewa iliyonaswa humo huifanya shokapu ikohoe na isishike sawasawa.

Nne, jaribio. Liinue gari shubiri moja kutoka chini, likiwa sawa, uliachie. Likipiga tumbo kwa kishindo, ni laini mno. Likidunda likaruka, ni gumu mno au mafuta ni mepesi. Likizama, likainuka mara moja, likatulia, Alhamdulillahi.

Tano, kazi ya majani. Ukoka ni mzigo kwa mota kuliko saruji, kwa hiyo tulitia gia ndogo zaidi kwenye mota. Mbio zilipungua, lakini mota ikaacha kuungua. Kila baada ya dakika tano hivi mtoto husimamisha gari na kugusa mota kwa kidole, ikimchoma analipumzisha. Na kila jioni huondoa nyuzi za ukoka kwenye ekseli moja moja, kisha hupangusa chumvi kwa kitambaa kibichi na kulikausha. Vanga ni mji unaofikiwa na maji ya bamvua mpaka mitaani. Chuma kisichopanguswa kwetu hakimalizi kusi mbili.

Siku lilipokimbia kutoka goli mpaka goli bila kupinduka, magurudumu yakipanda na kushuka huku mwili wa gari umetulia kama chombo kilichopata upepo wa tanga, watu wazima waliokuwa wakipita walisimama. Wengine wakabaki mpaka adhana ya magharibi.

WANAOSEMA NI UPUUZI

Barazani hawakukosekana wa kusema. Mmoja alisema ni israfu, fedha za Uarabuni kumalizika kwenye kitu cha kuchezea. Mwingine akasema, "Zamani sisi tulicheza na karara la mnazi na gari la waya, na tulikuwa watu."

Huyu wa pili alisema kweli kuliko alivyojua. Karara la mnazi likielea upande, mtoto hutia kijiwe upande wa pili. Gari la waya likivuta kushoto, hukunja waya kidogo kulia. Nani alimfundisha? Hakuna. Ni kwa sababu kitu kilikuwa chake, na hakuna aliyemwambia asiguse. Ubora wa gari la waya haukuwa umaskini wake. Ulikuwa kwamba halikuwa na kabati. Mtoto wa leo akipewa kitu kilichokamilika akakatazwa kukifungua, amepewa kidogo kuliko yule wa karara, hata kama bei yake ni mara elfu.

Na huyu wa israfu nilimjibu hivi: israfu ni kununua kitu kisha kukiacha kizeeke kabatini. Kinachotumika, kikatengenezwa na kutumika tena, hakijapotea.

Lakini jibu bora halikutoka kwangu. Siku moja nilisimama njiani na mjukuu wangu tukingoja bodaboda. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa akimpakia mwanamke mjamzito aende kliniki. Mtoto akainama, akazitazama shokapu za nyuma, akaninong'oneza, "Babu, hii imebanwa kama gari letu siku ile lilipokuwa ngamia."

Nikatazama. Ile pete ya chini ilikuwa imezungushwa mpaka kipengele cha mwisho. Nilimwuliza kijana, akasema huibana hivyo kwa ajili ya magunia ya makaa na mihogo. Kwa mzigo wa gunia mbili ni sawa kabisa. Lakini baada ya kuteremsha magunia alikuwa hairudishi, na hivyo hivyo akipakia mama mjamzito, mzee mwenye kiuno, mgonjwa wa kupelekwa Lungalunga. Kila jiwe la njia lilipanda moja kwa moja kwenye mifupa yao. Yule mwanamke alisema yeye alidhani ndivyo pikipiki zilivyo.

Mtoto wa miaka kumi na moja akamweleza kijana wa miaka ishirini na tano kwamba springi iliyobanwa mapema haianzi kusogea mpaka pigo liwe kubwa. Kijana alicheka sana. Kisha akatoa spana yake chini ya kiti, akalegeza vipengele viwili kila upande. Jioni alirudi kutuambia kwamba yule mama amesema leo njia imekuwa fupi.

Hapo ndipo ninaposimama, ndugu msomaji. Sisemi kila mtoto anunuliwe gari la rimoti. Wengi wetu hatuna uwezo huo, na gari la waya linatosha kuanzia. Nasema kwamba tumezoea kupokea vitu vilivyopimiwa sakafu za watu na kuvumilia maumivu yake kana kwamba yameandikwa. Pikipiki ikitupiga mgongo, twasema ndivyo zilivyo. Mashine ya boti ikizima baharini, twangoja fundi wa mbali. Cherehani ikikata uzi, twaifunika kitambaa. Na mtoto anayetaka kujua mna nini ndani, twamfukuza. Kisha tunalalamika kwamba mafundi wamekwisha. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono hufundishwa bisibisi ungali mdogo.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni la wanaume na wavulana tu. Binti yangu, mwenye masharti yake matatu, ndiye leo anayetia mafuta kwenye shokapu, kwa sababu mkono wake hautetemeki kama wangu, na ni yeye aliyetukumbusha habari ya nazi kuganda. Lile kopo la skrubu ni lake, na ole wake atakayepoteza moja.

Mwezi uliopita mkwe wangu alipiga simu ya picha. Alitaka kuliona gari. Kwanza binti yangu aliona haya, maana lilikuwa na mikwaruzo tumboni, na bawa la nyuma limepasuka likashonwa kwa uzi wa nyavu. Mtoto akalishika mbele ya simu, akaanza kumweleza baba yake: kimo ni hiki, springi ni zile laini, mafuta ni yale ya 40 uliyoleta, na usikaze pete, Baba, kukaza pete si kukaza springi. Baba mtu alisikiliza kimya. Yeye ni dereva, maneno yale aliyaelewa vizuri. Mwisho akasema, "Mwanangu, nikija utanifundisha kuliendesha." Sauti yake haikuwa imara. Kisha mtandao ukakatika.

Gari sasa hulala uvunguni mwa kitanda, lina mchanga na harufu ya majani. Nafasi yake kabatini iko wazi kati ya birika na saa ya mezani. Na ile saa, nimemsikia mjukuu wangu akimwuliza mama yake kama anaweza kuifungua aone kwa nini imesimama. Mama yake hajamjibu bado, lakini nimeona ufunguo hauko tena mahali alipokuwa akiuficha.

Mola awarudishe salama wote walioko ugenini. Na wakirudi, inshallah, wakute vitu walivyotuletea vimechakaa kwa kutumika.